Bibi Alivyoloweka Waya wa Chaja

Huu ni waya wa tatu tangu shule zifunguliwe, rafiki yangu, na shule zimefunguliwa majuzi tu. Wa kwanza ulikufa shingoni, pale karibu na kichwa kinachoingia kwenye simu. Wa pili ulikufa shingoni. Huu wa tatu nao, niliouziwa stendi hapa Nyakanazi na kijana aliyeniapia kwa jina la mama yake kwamba ni orijino, umekufa palepale. Sijui hao wanaotengeneza hizi nyaya wao hawana simu, au wanatuchukia tu. Ukiushika unachaji, ukiuachia umekata. Ukiulaza juu ya kikombe na kuukandamiza na kopo la mafuta ya kupaka, unachaji mpaka lori lipite barabarani na meza itikisike, na malori hapa kwetu hayaishi.

Binti yangu wa darasa la kwanza alinitazama nikihangaika, akaniambia, "Mama, si uutupe tu?" Autupe nani! Nikachukua wembe, nikalichana lile ganda la plastiki. Ndani, nywele za shaba zilikuwa zimegeuka kijani. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita huyohuyo mshauri wangu wa kutupa alimwaga jagi zima la maji pale mezani. Nikazishika zile nywele za kijani, zikavunjika mkononi, na hasira iliyonipanda haikuwa ya siku hiyo. Ilikuwa hasira ya mtoto wa miaka kumi aliyechuchumaa uani kule Mugoma, mkono umekufa ganzi, ameshika waya na amekatazwa hata kupiga chafya.

Mugoma nilipelekwa kwa Bibi, mama yake mama yangu, nikiwa darasa la pili. Wazazi wangu walikuwa Kaniha, huku Biharamulo, wakilima mahindi na mihogo. Wakaona si vizuri mama mtu mzima aishi peke yake wilaya nyingine, basi nikatolewa mimi. Sikuulizwa. Ila nisiseme uongo, nilishiba kwa Bibi. Ndizi alizipika na maharage mabichi, akatia mawese na nyanya chungu mbili tatu, akafunika chungu kwa jani la mgomba, na ule mvuke ukitoka ulikuwa unanifuata mpaka kisimani. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni hadi saa nne, ukimwita mbuzi humuoni unamsikia. Upande wa pili wa ua, redio ya Mwalimu, jirani yetu mstaafu, ilikoroma taarifa ya habari kabla jogoo hajamaliza kazi yake.

Mjomba wangu, ambaye alikuwa utingo wa malori, ndiye aliyemletea Bibi paneli ya sola yenye ukubwa kama sinia la chai, pamoja na simu ya kitochi na waya wa kuviunganisha. Hapakuwa na betri kubwa wala taa. Jua likiwaka simu inachaji, wingu likipita imeacha. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kitongojini kuwa na sola, na Bibi hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Alikuwa anasema, "Ngoja nikaangalie umeme wangu," wakati hakuna aliyemuuliza.

Lakini umeme wake alikuwa anauangalia nani? Mimi. Nikitoka shule kabla sijaweka daftari chini, "Paneli imegeuzwa?" Jua lilipohama kutoka kwenye mparachichi kwenda upande wa choo, mimi na paneli tulihama nalo. Halafu kuku. Kuku wa Bibi walikuwa na ua mzima wa kunyea, wakachagua paneli. Nilifukuza kuku, nikafuta paneli, nikarudi kuchambua maharage, nikasikia kwato za kuku juu ya kioo, nikaanza upya. Utaniambia kuku hana kwato. Wa Bibi walikuwa nazo.

Sasa nije kwenye waya. Bibi alikuwa mtu wa kusuka vikapu, na mikono yake ilijulikana mpaka soko la mpakani. Anayesuka anajua kwamba nyasi kavu haikunjwi. Ukiikunja kavu inakatika, kwa hiyo kwanza unailoweka kwenye beseni, inalala humo, na kesho yake inakutii. Hilo Bibi alilijua toka utotoni mwake kama wewe unavyojua njia ya kwenda kwenu. Basi waya wa chaja ulipozeeka, ukaanza kukakamaa na kupasuka shingoni, hakuhitaji kumuuliza mtu.

"Umekauka huu," akasema. "Ndiyo maana unataka kukatika."

Akauloweka. Kila Jumamosi jioni waya uliingia kwenye beseni pamoja na nyasi, na asubuhi ulitolewa, ukaanikwa kidogo, ukaviringishwa duara dogo la kubana kama kitako cha kikapu, ukatundikwa kwenye msumari juu ya mtungi wa maji. Ubaya ni kwamba wiki za mwanzo ulichaji vizuri tu. Tena Bibi alinionyesha namna ulivyolainika, akanifundisha kwamba kila kitu kinataka kutunzwa. Mimi na elimu yangu ya darasa la nne nikaitikia, nikabeba beseni.

Bibi alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, wa tumbo moja, ambaye mimi nilipaswa kumwita bibi mdogo ingawa sikuwa nimewahi kumwona. Walivuka kutoka Burundi wakiwa wasichana, pamoja na wazazi wao, na wote wawili wakaolewa hukuhuku Ngara. Miaka ikaenda. Watu walipoanza kurudi kwao, bibi mdogo, ambaye mume wake alikuwa amefariki, akaamua kurudi, akamwambia Bibi warudi wote. Bibi akakataa. Mume wake kazikwa hapa, migomba yake iko hapa, watoto wake wameoa na kuolewa hapa. Wakabishana majuma mazima. Siku ya kuondoka bibi mdogo alikuja kuaga na mzigo kichwani, na Bibi hakutoka nje. Alimwambia kupitia dirishani, "Nenda. Na huko uendako usimwambie mtu kwamba una dada." Hayo nilisimuliwa na mama yangu, kwa sauti ya chini, na nikaonywa nisiyarudie.

Miaka ikapita bila hata salamu. Halafu wiki moja ya masika, mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa soko la mpakani alikuja nyumbani kuchukua vikapu vyake, akamwambia Bibi kwamba ameonana na mdogo wake. Amezeeka, ila mzima. Ameomba namba ya simu naye amempa. Atapiga Jumapili ijayo saa nane mchana, kwa simu ya kuazima ya mgeni aliyefika kanisani kwao, na Jumatatu mgeni huyo anaondoka na simu yake. Kwa hiyo ni Jumapili au basi.

"Akipiga, apige," Bibi akajibu, akaendelea kusuka. Lakini nilimwona amerudia mzunguko uleule mara tatu, anasuka na kufumua. Kesho yake tulipokuwa tunamenya ndizi, aliniambia jambo ambalo hakuwa na desturi ya kumwambia mtoto. "Nilimtupia mdogo wangu neno bovu," akasema. "Nimelifikiria miaka yote hii. Jumapili nikimsikia tu, naliokota. Sitaki kufa limelala pale njiani."

Alhamisi waya ukafa.

Haukufa kwa heshima, ghafla, tukajua moja. Ulikuwa unashika na kuachia. Alama ya chaji inatokea, Bibi anasema asante Mungu, alama inapotea. Betri ya simu nayo ilikuwa imevimba kama andazi, haikai na moto hata kidogo, kwa hiyo simu haikuweza kuwaka bila kuwa kwenye waya. Na Bibi, kwa kuona waya unasumbua, unafikiri alifanya nini? Akauloweka tena, safari hii siku mbili mfululizo, na chumvi kidogo akatia, kwa sababu nyasi sugu ndivyo zinavyofanywa. Jumamosi asubuhi alipoutoa haukushika kabisa. Hapo ndipo aliponiambia, kwa shingo upande, nimwite Mwalimu.

Mwalimu alikuwa anatengeneza redio za watu chini ya upenu wa nyumba yake. Alikuwa mtu mwema sana na alinichosha kuliko kuku. Huwezi kumpelekea tatizo akalishika, lazima kwanza akufundishe.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Haya, kabla hujaniambia kilichokuleta, umeme ni nini?"

Alikuja hata hivyo, na wembe wake, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaupima waya kwa vidole, akaukunja, akauinua juani kama anayetafuta dosari kwenye yai. Akauchana shingoni. Likatoka tone la maji, la kijani.

"Mama," akamwambia Bibi taratibu, "huu waya umeufua?"

"Nimeuloweka."

"Umeuloweka."

"Ulitaka ukauke, uvunjike?"

Mwalimu akavua miwani. Nilimwona anatafuta pa kuanzia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakupata. Akasema tu kwamba maji na umeme havilali nyumba moja, na kama huu ungekuwa ule wa nguzo sisi sote pale tungekuwa tunaimbiwa. Bibi akakasirika. Si kwa sababu ya kukosea, nadhani, ila kwa kuambiwa mbele yangu. Akaenda kukaa upande wa pili wa ua na kikapu chake, akatupa mgongo.

Mwalimu akaona njia rahisi. Tuitoe laini, akasema, tuitie kwenye simu yangu, simu yangu ina chaji, mdogo wako akipiga utampokea kwangu. Mimi nikaruka kwa furaha. Bibi akajibu bila kugeuka, "Umemwambia mgeni njoo kwangu, halafu unahamia kwa jirani na hujamuaga?" Mwalimu akaeleza kwamba namba inahama na laini. Akaeleza mara ya pili kwa kutumia mahindi. Bibi akasema laini haitoki kwenye simu ile, na kwamba yeye mambo ya nyumbani kwake hatayaongelea kwenye upenu wa mtu kati ya maredio. Kwenye hilo la pili nadhani ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Ningeweza kulia.

Basi tukabaki na waya. Mwalimu alikata kile kipande kilichooza, akachana kuona mbele, bado kijani. Akakata tena. Bado. Maji yalikuwa yamepanda ndani kwa ndani kama yanavyopanda kwenye mgomba. Waya uliokuwa na urefu wa pima moja ulibaki vipande viwili vifupi, kimoja cha upande wa paneli na kingine cha upande wa pini ya simu, vyote pamoja havifiki urefu wa kiganja changu cha leo na nusu yake.

Kazi yenyewe aliifanya mikononi mwangu, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni karibu. Mpaka leo vidole vyangu vinaijua. Unalimenya ganda la nje, halafu la ndani, wembe ukiulaza, usikate zile nywele. Unakwangua shaba mpaka ing'ae. Nyekundu unaikutanisha na nyekundu, nyeusi na nyeusi, na maungio yasikae mahali pamoja, moja likae mbele moja nyuma, yasije yakagusana. Unasokota kwa kuelekea upande mmoja. Utepe wa umeme hatukuwa nao, tukachana tyubu ya baiskeli nyembamba, tukaviringisha kila ungio peke yake kisha yote kwa pamoja. Risasi ya kuchomelea ilikuwa imemwishia, na ndiyo ingefaa kwenye pini, kwa sababu kule kwenye pini kabisa shaba ilikuwa imebaki nywele nne tu. "Hapa," akasema Mwalimu, "patataka kushikwa."

Akatazama huku na huku, akanitazama mimi.

Bibi akainuka kule alikonuna. Akauchukua waya, akaugeuza, akaona maungio yamelegea. Akavunja kijiti cha tete, akakilaza kando ya waya, akaviringisha uzi wa katani mkavu juu ya ile tyubu, mshono kwa mshono, akibana kwa meno, kama anavyomalizia mdomo wa kikapu. Mwalimu akauvuta waya kwa nguvu zake zote, haukutikisika. Akakubali kwamba hajawahi kuona ungio zuri vile. Jioni Bibi alinituma nimpelekee ndizi kwenye bakuli lenye mfuniko.

Jumapili Bibi aliondoka kanisani kabla ya matangazo, kitu ambacho watu wazima hawakifanyi. Mbingu ilikuwa na mawingu ya kupitapita. Tukaweka paneli katikati ya ua, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi kiasi kile, simu haikuweza kwenda kwa Bibi, ilibidi Bibi aende kwa simu. Akatandika mkeka, akalala ubavu na kitenge chake cha kanisani, kichwa karibu na paneli, simu imelala juu ya sikio. Mimi nikachuchumaa nyuma yake, vidole viwili vimebana pini. Ukisogea nywele moja inazima. Ukibana sana inazima. Nilipata mahali pake, nikaambiwa, "Hapohapo. Usitikisike."

Saa nane ikafika. Hakuna simu. Nyuma ya nyumba watoto wa jirani walikuwa wanacheza rede, nikasikia wananiita, nikasikia wameacha kuniita. Sisimizi akapanda mguuni. Jasho likaniingia jichoni. Kuku mmoja akaja, akasimama mbele ya paneli, akanitazama, na wote wawili tulijua siwezi kumfanya kitu. Nikaichukia simu, nikamchukia mjomba aliyeileta, nikamchukia na bibi mdogo ambaye hata sura yake siijui.

Ikalia. Bibi akashtuka, karibu aning'oe mkono.

"Ego," akasema. Ndiyo, kwa Kirundi chao. Mengine nakuandikia kwa Kiswahili.

Nikasubiri lile neno. Nilijua litatoka sasa. Wakasalimiana. Wakaulizana mvua. Mvua huko imenyesha, huku nayo imenyesha. Wakaulizana maharage. Ya huko yameliwa na funza, ya huku yanaendelea. Fulani amefariki. Fulani amepata mapacha. Mbuzi yule mwenye doa jeupe, kumbe walikuwa na mbuzi mwenye doa jeupe wakiwa wasichana, unamkumbuka? Wakacheka. Wakarudi kwenye maharage. Mimi moyoni napiga kelele, sema, Bibi, sema sasa, mkono wangu unakufa! Wakahamia kwenye bei ya chumvi. Wingu jepesi likapita, nikaomba simu isizime, haikuzima. Wakarudi tena kwenye funza.

Nikakasirika, rafiki yangu, hasira ya kweli. Siku tatu za waya na wembe na masomo ya umeme, na hawa wazee wanaongea habari za funza. Nikajiambia, haya, ndivyo watu wazima wanavyopatana, yamekwisha. Sisimizi akaniuma nyuma ya goti. Nikaachia pini nijikune.

Kitaa cha simu kikazima. Hakikulia, hakikuaga, kilizima tu kama macho ya mtu anayesinzia. Nikarudisha vidole, lakini kitochi kile kikishazima kinataka kuwashwa upya na kusubiriwa, na kabla sijafungua mdomo Bibi alikuwa amevuta pumzi.

"Mdogo wangu," akasema. "Lile neno la dirishani. Nililisema kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Kila mtu hapa anajua nina mdogo wangu, nimewaambia wote. Nisamehe."

Akasikiliza. Mtandao wetu ulikuwa na tabia ya kimya, hakushangaa. Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Usijibu. Najua unalia. Lia tu." Akabaki vile amelala ubavu, simu iliyokufa juu ya sikio, na machozi yakapita juu ya pua yake yakadondoka kwenye mkeka. Kisha akaketi, akanipa simu bila kuitazama.

"Amelia mpaka ameshindwa kujibu," akaniambia. Sikuwa nimewahi kuuona uso ule. Akaenda jikoni, nikamsikia anamenya ndizi na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake mbovu ambayo hakuwa akiitoa mbele ya watu.

Sikusema. Kwanza niliogopa fimbo. Halafu jua likazama na fimbo haikuwa tena na maana, niliogopa kuuondoa ule uso. Halafu kiangazi kilichofuata bibi mdogo akaja mwenyewe, na mzigo wa maharage kichwani, wakakumbatiana barabarani mpaka mzigo ukaanguka, nami nikajiambia, si unaona, hata halikuhitajika. Akawa anakuja kila kiangazi, nami hata nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nikienda kuwahudumia. Walilala kitanda kimoja kama wasichana, wakagombea blanketi, wakacheka meno yao yaliyobaki. Bibi alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Bibi mdogo alikuwa na kitabia kimoja tu: maongezi yakiisha, alimtazama Bibi, akakaa hivyo kitambo, halafu akashika tena kazi yake. Nilidhani ni uzee.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Nilipanda gari hapa Nyakanazi nikaenda kumzika. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika mpaka kwenye mparachichi, na kila mtu msibani alikuwa na simu mkononi, simu kubwa, nyingine zinachajiwa kwenye ukuta wa nyumba ambayo Mwalimu aliiacha alipotangulia mbele ya haki. Watu waliporudi kutoka makaburini, bibi mdogo alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko kwenye migomba.

"Wewe umekaa naye," akasema. "Nikuulize kitu. Aliwahi kulitaja lile neno aliloniambia nilipokuwa naondoka? Siku ile ya simu nilidhani atalisema. Nikawa naongea upuuzi wa funza ili nimpe muda. Simu ikakatika. Nikaja mwenyewe, nikasema atalisema tukiwa tumekaa. Nimekuja kila mwaka. Nililala naye kitandani nikiwa macho, nangoja."

Nikamwambia yote. Pini, sisimizi, kitaa. Aliniambia nirudie maneno ya Bibi kama alivyoyasema, kwa Kirundi. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikarudia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kila ninapofika pale pa kuogopa kubaki peke yake.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Mtoto wa miaka kumi nimemsamehe sasa hivi," akasema. "Huyu mtu mzima aliyekuwa anatuletea maji ya kunawa na kutupisha sebuleni, huyo sijui."

Akajifunga kanga vizuri, akarudi kwa waombolezaji. Siku ya tatu alivuka mpaka kurudi kwake. Kiangazi kilichofuata hakuja, aliumwa miguu, na cha baada ya hapo tukapata habari kwamba amezikwa. Nyumba ya Bibi imeanguka upande wa jikoni. Migomba imekodishwa kwa mtu wa mbali. Katika miezi ile yote bibi mdogo alikuwa na simu yake mwenyewe, nilikuwa na namba, mtandao unashika vizuri na chaji ilikuwepo, na sikumpigia kumuuliza kama huyo mtu mzima alimsamehe.